Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: siku yako ya kwanza kwenye ndege ndogo ya injini mbili, Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa rubani mwenye leseni tayari: aliyezoea injini moja, au aliyezoea ndege moja ya injini mbili na sasa amepewa funguo za nyengine asiyoijua. Kazi yangu ni kukaa kiti cha kulia na kumtazama mwenzangu akikosea kidogo kidogo mpaka aache. Maswali ni yale yale kila mwaka, na mengi huulizwa tukiwa tumejibanza chini ya bawa kukimbia jua. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Mwalimu, injini mbili si salama kuliko moja?

Kwa aliyejifunza, ndiyo. Kwa asiyejifunza ni afadhali hiyo moja.

Chukua dau lenye wapiga makasia wawili, kila mmoja na upande wake. Mmoja akiacha kuvuta, dau haliendi nusu ya mwendo. Linazunguka. Mwenye kasia aliyebaki akizidi kuvuta kwa nguvu, ndiyo linazidi kuzunguka. Ndege nayo ni hivyo hivyo: injini iliyo hai inaisukuma pua upande wa iliyokufa, na wewe ndiye wa kuizuia kwa mguu. Kwenye injini moja hakuna mjadala. Imezima, unashusha pua, unatafuta pa kutua. Kwenye injini mbili ile iliyobaki inakushawishi kwamba safari inaendelea, na mara nyingine haiendelei.

Halafu kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuisikia. Ukipoteza injini moja umepoteza nusu ya nguvu, lakini uwezo wa kupanda unaopotea ni asilimia 80 na zaidi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inatumika kuiweka ndege hewani tu, na kupanda hutokana na kile kinachobakia. Mkibeba gunia la mchele watu wawili mnaweza kupanda nalo ngazi. Mmoja akiondoka, utashukuru ukiweza kusimama nalo. Sheria za zamani za Marekani, zilizotumika kuidhinisha nyingi ya ndege hizi tunazorusha, hazikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha kwamba ndege nyepesi, ya chini ya kilo 2,700 hivi na yenye kasi ndogo ya kutua, inaweza kupanda kwa injini moja. Alitakiwa kupima na kuandika tu. Kwa hiyo fungua jedwali la kupanda kwa injini moja kabla hujafungua mlango wa ndege.

Hilo jedwali nalisomaje kwa joto la hapa?

Kwa huzuni. Vipimo vya kawaida vya dunia vinahesabu nyuzi 15 usawa wa bahari. Uwanja wa Abeid Amani Karume pale Kisauni uko karibu sawa na bahari, lakini mchana wa mwezi wa Februari joto ni nyuzi 31 au 32. Kwa joto hilo injini na mabawa yanahisi kama yako futi 2,000 juu, na unyevu wa visiwani unaongeza kidogo. Yaani umesimama ufukweni lakini ndege inadhani imeshapanda kilima. Ndiyo maana rubani mgeni namwambia aje saa moja asubuhi.

Mstari mwekundu na mstari wa buluu kwenye saa ya kasi ni nini hasa?

Hili ndilo swali la siku nzima, tukae nalo.

Mwekundu ni kasi ya chini kabisa ambayo usukani wa mkia bado unaweza kuizuia pua, injini moja ikiwa imezima na nyengine iko kwenye nguvu zote. Chini ya hapo mguu wako hauna kazi hata ukiukanyaga mpaka mwisho. Pua inakwenda, bawa linafuata, ndege inapinduka. Wa buluu ni kasi inayokupa kupanda kwingi zaidi, au kushuka kidogo zaidi, kwa injini moja. Kwenye Piper Seminole mwekundu ni noti 56 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na buluu ni noti 88. Seneca II ni 66 na 89. Tazama nafasi iliyo kati ya mistari hiyo. Ndani yake unaweza kuielekeza ndege utakako ila hupandi, na kila ndege unayoirusha unapita humo mara baada ya kuacha ardhi. Ni kama kuvuka mlango wa bahari wakati wa maji kupwa: hapakwepeki, lakini hapakaliwi.

Sasa la pili. Namba ya mstari mwekundu ilipimwa na rubani wa majaribio ndege ikiwa imelazwa hadi nyuzi 5 upande wa injini iliyo hai. Wewe ukiweka mabawa sawasawa kama ulivyozoea, kasi hiyo hatari inapanda, karibu noti 3 kwa kila nyuzi uliyoiacha. Kwa hiyo 56 ya kitabuni inaweza kuwa 70 mikononi mwako. Laza bawa kidogo kwenye injini inayofanya kazi. Kidogo tu.

Na la tatu, ambalo limeua wanafunzi na walimu pamoja. Kwa injini zisizo na turbo (kifaa cha kuishindilia injini hewa), kadiri unavyopanda nguvu zinapungua, kwa hiyo kasi ya mstari mwekundu inashuka. Kasi ya bawa kuishiwa hewa, yaani kushindwa kuibeba ndege, haishuki. Mahali fulani juu zinakutana, na ndege inayoishiwa hewa huku injini moja inavuta inaingia kwenye mzunguko ambao nyingi ya ndege hizi hazikupimwa kutoka humo. Ninapomwonesha mtu zoezi hili tunakuwa futi 5,000 au zaidi, na dalili ya kwanza ikitokea, iwe honi ya kuonya kwamba bawa linaishiwa hewa, mtikisiko au pua kuanza kukimbia, tunapunguza nguvu ya injini hai na kushusha pua. Hatusubiri dalili ya pili.

Kwa nini wanasema injini ya kushoto ndiyo mbaya kuipoteza?

Pua ikiwa juu, jani la pangaboi linaloshuka linavuta kuliko linalopanda. Pangaboi zote zikizunguka kulia, ukizitazama kutoka nyuma, jani linaloshuka la injini ya kulia liko mbali na kiwiliwili cha ndege, na la kushoto liko karibu. Kushoto ikizima unabaki na ya kulia inayovuta kwa mkono mrefu. Ndege aina ya Islander, Baron na Cessna 310 ziko hivyo. Seminole na Seneca pangaboi zao huzunguka moja kinyume cha nyengine, kwa hiyo ipi imezima ni mamoja.

Kwenye Piper Aztec kuna sababu nyengine ya kawaida kabisa: pampu ya haidroliki ya magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya bawa), katika nyingi kati yao, iko kwenye injini ya kushoto peke yake. Hiyo ikizima utapandisha magurudumu kwa kupiga pampu ya mkono, mkono mwengine uko kwenye usukani, mguu mmoja unatetemeka. Ukishalifanya zoezi hilo mara moja hulisahau.

Injini ikizima mara tu baada ya kuruka nifanye nini?

Kama magurudumu bado yako chini na njia bado ipo mbele, throto (mikono ya nguvu za injini) zote mbili nyuma, breki, nenda moja kwa moja. Usifikirie. Kufikiria kumefanyika ulipokuwa umesimama mwanzo wa njia ukisema kwa sauti: ikizima kabla ya hapa nasimama, ikizima baada ya hapa naendelea. Nataka niyasikie maneno hayo. Ukinong'ona hatuondoki.

Kama umeshapanda na njia imekwisha: zuia pua kwa mguu, pua ya buluu (maana yangu ile inayokupa kasi ya buluu), nguvu zote mbele, magurudumu juu, flapu juu. Halafu uitambue injini iliyokufa. Mguu ulio bila kazi ndio upande wa injini iliyo bila kazi. Usiziamini saa za injini kwanza, maana pangaboi linalosukumwa na upepo huendelea kuonesha mzunguko mzuri tu. Ukishaitambua, thibitisha: vuta throto ya hiyo unayodhani imekufa. Hakuna kilichobadilika? Ndiyo yenyewe. Sasa lilaze pangaboi lake, yaani majani yageuke makali yaelekee upepo yasikuvute nyuma.

Hapo kwenye kuthibitisha nakaa na mtu hata nusu saa. Tarehe 4 Februari 2015 kule Taipei, ndege ya TransAsia aina ya ATR 72 ilipata hitilafu injini ya kulia muda mfupi baada ya kuruka, na rubani akairudisha nyuma throto ya injini ya kushoto iliyokuwa nzima. Wakafa watu 43. Yule alikuwa rubani wa shirika, na msaidizi pembeni. Kuvuta throto kwanza kunachukua sekunde mbili na kunaweza kurudishwa.

Jengine ambalo wa injini moja hawalijui: kwenye ndege zenu za injini moja mafuta ya kulainisha yakiisha shinikizo, pangaboi linaelekea upande wa mzunguko wa kasi. Kwenye injini mbili ni kinyume, springi na hewa iliyoshindiliwa zinalipeleka kulala. Ila kuna vipini vya kulizuia lisilale kila unapozima injini kuegesha. Kwenye Seminole, injini ikishuka chini ya mizunguko 950 kwa dakika vipini hivyo vinashika na pangaboi halilali tena. Injini inayokaribia kuganda haitakungojea ufungue ukurasa wa cheklisti.

Nimezoea Seneca kwa miaka. Baron kwangu si sawa tu?

Nilidhani hivyo pia. Uwanja mmoja wa bara, miaka mingi nyuma, nilitua Baron ya zamani vizuri sana, nikajisifu moyoni, nikapeleka mkono kupandisha flapu wakati ndege inakimbia ardhini. Mkono ulikwenda pale ulipozoea. Baron za kabla ya 1984 zimebadilishana mahali: swichi ya magurudumu iko kulia na ya flapu iko kushoto. Niliyoivuta ilikuwa ya magurudumu. Swichi ndogo mguuni mwa ndege, inayojua kama uzito uko chini, ndiyo iliyokataa. Mwenye ndege alikuwa pembeni yangu, hakusema neno. Alinitazama tu, na ningependa angepiga kelele.

Kwenye hizo hizo Baron za zamani mikono ya pangaboi iko kushoto na throto ziko katikati. Mkono uliozoea Seneca, ambako throto ziko kushoto, utakuta pangaboi pale unapotaka nguvu.

Mafuta nayo yana tabia zake. Seneca ni washa, zima, au vuta kutoka tangi la upande wa pili. Cessna 310 yenye matangi ya ziada inataka utumie matangi makubwa ya ncha za mabawa kwanza kwa muda uliowekwa kitabuni, kwa sababu mafuta yanayobaki kwenye pampu yanarudishwa huko. Ukianza na ya ziada huku makubwa yamejaa, yanayorudi yanamwagika nje, na wewe unadhani unayo.

Dawa yangu ni kanga. Kaa kwenye kiti, ndege imezimwa, ufunguo nnao mimi. Nakufunga macho na kanga. Nasema "magurudumu", unagusa. "Pangaboi la kushoto", unagusa. "Mafuta ya kulia, yafunge", unagusa. Mpaka mkono uache kupapasa. Watu hucheka dakika tano za mwanzo.

Mazoezi tufanye Unguja au Pemba?

Anza Unguja. Njia ya kurukia ya Kisauni ni ya mita 3,000 na kidogo, inaelekea kaskazini na kusini, 36 na 18 (nyuzi za dira zilizohesabiwa kwa makumi). Ndege ndogo unaweza kuinua, ukafunga throto, ukatua tena mbele, na lami bado ipo. Karume ya Pemba, karibu na Chake Chake, ina mita 1,500 hivi, na mwisho wake si mbuga: ni vilima, minazi na mikarafuu. Jumlisha umbali wa kuongeza kasi na ule wa kusimama kama kitabu kinavyosema kwa uzito wako na joto la siku hiyo. Ikiwa jibu linakaribia urefu wa njia, shusha mtu au shusha mafuta.

Safari yenyewe ni nzuri kwa siku ya tatu au ya nne. Kutoka uwanja hadi uwanja ni kama kilomita 125. Unapita juu ya Unguja, unaiacha Nungwi kushoto, halafu kuna kilomita 50 hivi za maji matupu mpaka kusini ya Pemba. Njia ya Pemba ni 03 na 21, kwa hiyo wakati wa kaskazi unaifika 03 karibu moja kwa moja. Kusi ikivuma utalazimika kuzunguka ushukie 21. Kwenye tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua, waulize mnarani, kisha utazame mwenyewe moshi na mashua.

Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kuondoka, si kulitia chini ya kiti. Na usilijaze hewa ndani ya ndege.

Mbona zile ndege za Cessna Caravan zinabeba abiria kwenda Pemba na zina injini moja?

Kwa sababu injini ile ni tabaini (turbine, isiyo na pistoni), Pratt & Whitney PT6, na sifa zake za kutozima ni kubwa kuliko za injini za pistoni tunazotumia sisi. Injini moja nzuri na rubani anayeirusha kila siku ni bora kuliko mbili na rubani wa mwezi mara moja. Swali hili huulizwa na wazee wa wanafunzi, na jibu hili huwa haliwapendezi.

Mafuta gani, na nitayapata?

Nyingi zinatumia petroli ya ndege, 100LL, ya rangi ya buluu. Diamond DA42 inatumia Jet A-1, ile ile ya ndege kubwa, haina rangi au ina umanjano kidogo. Simama hapo wakati wa kujaza. Neno "Turbo" lililoandikwa ubavuni limewahi kumfanya mjazaji adhani ni tabaini, na injini ya petroli ikitiwa petroli iliyochanganyika na Jet A-1 inawaka vizuri tu mpaka uwe hewani. Chuja, tazama rangi, nusa. Piga simu jana yake kuuliza kama petroli ya ndege ipo, na ukienda Pemba beba ya kwenda na kurudi.

Tukutane saa ngapi?

Unacheka, lakini kwetu kuna saa tatu tofauti. Ukiniambia saa tatu asubuhi, simu yako inasema 9:00 na karatasi ya mpango wa safari inataka 0600, saa ya kimataifa (UTC). Nimeshamngoja mtu tangu jua kuchomoza. Andika zote tatu kwenye ujumbe.

Nani anaongoza ndege, mimi au wewe?

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Tunakubaliana chini: wewe unarusha, mimi nikisema "yangu" unaachia mikono na miguu. Miguu hasa. Mwanafunzi aliyeganda kwenye pedeli ana nguvu kuliko mwalimu.

Nimefunga. Naweza kuja Ramadhani?

Unaweza, asubuhi na mapema baada ya daku yenye maji ya kutosha, saa moja hewani basi. Chumba cha rubani juani ni tanuri, na ukosefu wa maji hupunguza akili kabla hujahisi kiu. Kichwa kikigonga, sema, tunarudi. Ruhusa ya msafiri muulize sheikh wako, ruhusa ya afya muulize daktari wa marubani. Mimi sijibu kwa niaba yao.

Kwa nini natua kwa kishindo?

Kwa sababu unafunga throto ukiwa bado juu, kama kwenye Cessna 172 ya injini moja. Pangaboi mbili zikikosa nguvu ni breki mbili. Ingia na nguvu kidogo, uziondoe ukikaribia kugusa. Seneca ikiwa na watu wawili mbele peke yao ina pua nzito, kwa hiyo mimi hutia mfuko wa mchele wa kilo 25 nyuma, umefungwa vizuri, na nauhesabu kwenye karatasi ya uzito. Ndiyo, mchele. Hurudi nyumbani.

Leseni yangu inatosha?

Hapana. Unahitaji kibali cha injini nyingi kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, baada ya kupimwa. Hata ukiwa nacho, mwenye bima anaweza kutaka saa zaidi kwenye aina hiyo hiyo. Soma karatasi ya bima kabla hujasaini.

Ndege wa kawaida, wenye manyoya?

Kunguru wako kila mahali Unguja. Pemba, magharibi ikikaribia, kuna popo wakubwa wanaotoka kula, mabawa yao yanafika mita 1.6. Sababu nyengine ya kurudi mapema.

Mama anataka kupanda siku ya kwanza, nimwambie nini?

Mwambie asubiri. Nyuma tumeshaweka mchele, na atakayekaa pale atasikia honi, ataona injini imezimwa makusudi juu ya bahari na mwanawe anatoka jasho. Siku utakapomaliza na ukarusha mara tatu nne bila mimi kugusa kitu, mlete asubuhi. Apande injini zote zimezimwa, mshike mkono kupita nyuma ya bawa, mbali na pangaboi. Wengi wao huomba wapite juu ya nyumba yao. Pita, lakini usizunguke chini ili aone bati.